Dakika Saba za Kwaya ya Mama

Kalemie, Alhamisi, saa tatu asubuhi

Kwa Papa Edmond, Mwenyekiti wa Kamati ya Kwaya ya parokia yetu, na kwa wajumbe wote watakaosomewa barua hii

Papa Mwenyekiti,

Kosa wanalofanya watu wengi, mashine ya kuhesabu muda ikiwasha taa mapema, ni kuilaumu mashine. Wanaitikisa, wanaipiga, wanaifungua kwa kisu cha jikoni, halafu wanamwita fundi wakati ugonjwa mmoja umeshakuwa mitatu. Mtu aliyesoma huanza upande wa pili. Anaiacha mashine itulie, kisha anawachunguza walioizunguka. Ndivyo nilivyofanya tangu Jumapili, na matokeo ya uchunguzi wangu ndiyo haya. Mengi yanakuhusu wewe, kwa hiyo naomba uketi kabla ya kuendelea.

Nakumbusha kwanza mambo yalivyokwenda, kwa sababu najua barua hii itasikilizwa pia na wale ambao Jumapili walikuwa nje wakinunua mandazi.

Parokia yetu inapeleka kwaya moja kwenye jubile ya Kirungu. Kwaya ya Mama ilikuwa imeshachaguliwa, na hakuna aliyepinga. Lakini waandaaji wa kule milimani waliandika kwamba kila kwaya itapewa dakika saba tu, na kwamba itakayozidisha itashushwa jukwaani mbele ya wageni. Kamati yako ikaamua kufanya jaribio hapa nyumbani: Mama wakizidisha dakika saba, nafasi yao inakwenda kwa Kwaya ya Vijana. Ili jaribio liwe la haki, mlinijia mimi, Onésime, mwalimu wa fizikia mstaafu, mkaniomba mashine isiyojuana na mtu. Niliitengeneza kwa mikono yangu ndani ya kopo la maziwa ya unga: kitufe kimoja, taa ya kijani ya kuanzia, taa nyekundu ya kumalizia.

Jumapili Vijana waliimba wimbo wao mfupi wakamaliza taa ikiwa bado ya kijani. Wakaja Mama na wimbo wao wa beti sita. Walipofika katikati ya ubeti wa nne, nyekundu ikawaka. Wakanyamazishwa mikono ikiwa bado hewani. Ndipo Didier, katibu wako, akanyanyua simu na kutangaza kwamba yeye amehesabu dakika nne na sekunde kumi na mbili. Kelele zilizofuata nadhani zilisikika hadi bandarini. Ulipopata nafasi ya kusema, ulisema hivi, na nilinukuu nyuma ya kitabu cha nyimbo: "Mashine ni ya Mwalimu. Aseme mwenyewe, kwa maandishi, kama ilikosa. Mupaka aseme, nyekundu njo nyekundu."

Orodha ya wasafiri inaondoka leo saa kumi alasiri na mashua ya Moba, njia ya Kirungu. Nisipoandika, au nikiandika kwamba mashine ni nzima, wanakwenda Vijana. Naelewa uzito wa jambo. Kwa hiyo naandika wazi, na nimepiga mstari chini ya maneno yenyewe: mashine haikukosea.

Watu watasema nilipaswa kumfikiria mke wangu. Ni kweli kwamba mwongozaji wa Kwaya ya Mama, Mama Éliane, ni mke wangu kwa miaka arobaini na minne. Ni kweli kwamba dada yake mkubwa, Mama Reine, anaishi Kirungu, na kwamba hawajaonana kwa miaka tisa. Ni kweli kwamba wiki iliyopita mke wangu alifua sweta yake ya baridi ya milimani, akaianika, na kwamba tangu Jumapili sweta hiyo inaning'inia uani katika joto hili la Kalemie bila mtu wa kuthubutu kuitoa kwenye kamba. Ni kweli pia kwamba tangu siku hiyo anapika kimya, yeye ambaye hajawahi kupika kimya, na kwamba chakula changu kinafika mezani kimepoa. Mambo haya hayana uhusiano wowote na sayansi. Nimeyataja ili nisiambiwe nimeyaficha.

Sasa malalamiko yangu, kwa utaratibu.

1. Kofi. Taa ilipowaka uliinuka, ukaipiga mashine yangu kofi mbele ya waumini. Ilipoendelea kuwaka uliipiga tena, mara hiyo kwa kitabu cha misa. Nilifundisha miaka thelathini na minane, Papa Edmond, katika madarasa ya watoto sitini, na hata mwanafunzi aliyeweka chura ndani ya kabati la maabara sikumpiga na kitabu cha misa.

Ungeniuliza, ningekueleza kilichomo, na ungeona kwamba kofi haliwezi kusaidia. Ndani ya kopo kuna kondansateri. Ni kimkebe kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba, ambacho umeme unakijaza taratibu kama maji yanavyojaza ndoo. Maji hayo yanapitia kwenye bomba jembamba, na bomba hilo ndilo rezistansi. Lina kifungo: ukikizungusha huku, bomba linabana na ndoo inachelewa kujaa, ukikizungusha kule, linapanuka na ndoo inajaa upesi. Pembeni nimeweka mlinzi, kidude cheusi chenye miguu minane kama kaa mdogo, nilichokitoa kwenye king'ora kibovu cha gari. Mlinzi huyo ana kazi moja tu maishani mwake: kuitazama ndoo. Maji yakifika theluthi mbili, anazima kijani na kuwasha nyekundu. Basi. Hajui kuimba. Hajui nani ni mke wa nani. Hata kofi lako hakujua limetoka wapi.

2. Mfuko wa chumvi. Jumatatu mlinirudishia mashine ikiwa ndani ya mfuko wa chumvi, na chumvi ilikuwa bado imo. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu hufungulia umeme njia za panya. Nilitumia asubuhi nzima kusugua kwa mswaki. Mswaki ulikuwa wangu.

3. Wingi wa mafundi. Tangu Jumapili sijakutana na mtu wa Kalemie ambaye si bingwa wa umeme. Nimewasikiliza wote kwa subira, nikapima kila walilosema, kwa sababu ndivyo kosa linavyotafutwa: unashuku kitu kimoja, unakipima, unakiondoa kwenye orodha, ndipo unashuku kingine. Hushuku vyote kwa pamoja kama wanavyofanya watu wa kwenye kibanda cha kinyozi.

Wa kwanza alisema betri imechoka. Nilipima: ni nzima. Na hata ingechoka, nilimweleza, mlinzi hatazami kiasi cha maji bali theluthi mbili ya ndoo. Betri ikishuka, ndoo na alama vinashuka pamoja, na muda unabaki uleule. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Sawa, Mwalimu. Lakini badilisha betri."

Wa pili, mzee wa nyavu wa hapa mtaani, alikuja akaishika mashine, akainusa. "Njo upepo wa ziwa huu, Papa. Unaingizaka maji mule ndani." Nilimpongeza, kwa sababu kimkebe chenye unyevu huvuja kweli. Lakini fikirini: ndoo inayovuja hujaa polepole. Taa ingechelewa. Yetu iliwahi. Ziwa halina hatia, na naomba hilo liandikwe.

Wa tatu alitaja mguu wa nne wa mlinzi. Huyu alikuwa amesoma kidogo. Mguu wa nne ni wa kumsimamisha mlinzi kwa lazima, na ukiachwa ukining'inia hewani unashtuka kwa kila kitu: simu ikilia jirani, mtu akipita na mikono yenye maji. Niliuvuta mguu huo kwa koleo. Umeshikwa na risasi ya kuchomea kama msumari kwenye ubao.

Wa nne alikuwa mama mmoja anayeuza samaki wa ndagala karibu na gati. Hakutaka hata kuiona mashine. Alisema akiwa mbali, ili na wenzake wasikie: "Hiyo kitu inachukia wamama! Ifungue, Papa, utakuta ndani iko mwanaume, tena wa biro, wa kupiga muhuri!" Niliifungua. Nilikuta yai la mjusi. Nililitoa kwa kijiko, nikaliweka kwenye rundo la kuni, nikaijaribu mashine mara tano bila yai. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nililirudisha yai nikaijaribu mara tano nyingine. Hakuna tofauti. Yai sasa lipo kwenye kuni kwa kudumu.

Na hapa ndipo hoja yangu kubwa. Katika majaribio hayo kumi, Didier alisimama pembeni na simu yake, na mara zote kumi simu ilisema dakika nne na sekunde kumi na mbili. Sasa nawaomba wajumbe wafuate polepole. Mashine yenye ugonjwa hukosea leo hivi na kesho vile. Mashine inayotoa jibu lilelile mara kumi haina ugonjwa. Inafanya ilivyofundishwa. Niliwaambia wanafunzi wangu maneno hayo mwaka baada ya mwaka, na wengine wao leo ni watu wazito.

4. Simu ya Didier. Kama mashine haina ugonjwa, basi aliyekosea ni yule mwingine. Simu inapata saa yake kutoka kwenye mnara. Mnara unaipata wapi? Didier hakujua. Nilimuuliza mara tatu. Mashine yangu haipokei habari kutoka kwa mtu yeyote. Inajaza ndoo yake mbele ya macho ya watu. Na simu hiyohiyo, nakumbusha, ndiyo iliyoita kwa muziki wa dansi wakati wa mageuzo ya misa mwezi uliopita. Sitaki kusema mengi juu ya tabia yake.

Didier ni kijana mwenye adabu, hata hivyo. Aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, wakati ulirekebisha kile kifungo ili ifike dakika saba, ulipimia na nini?" Swali zuri. Nilimjibu, nami nawajibu wote: nilipimia na kipimo cha nyumbani, kisichohitaji betri wala mnara, ambacho nakitegemea kwa miaka arobaini na minne na hakijawahi kuniacha njiani. Nilirekebisha kwa siku tatu mfululizo, mchana, na siku zote tatu kilikubaliana na chenyewe. Sikuona haja ya kumtajia zaidi.

5. Hivyo basi, kwa kuwa mashine si mbovu, na kwa kuwa ilisema dakika saba zimekwisha, inafuata kwamba dakika saba zilikuwa zimekwisha. Na kama saa za watu wengine zilionyesha nne, basi tatizo liko kwenye dakika za watu wengine. Naomba kwa heshima Kamati itangaze kwamba, kuanzia Jumapili ijayo, parokia yetu inafuata dakika ya kopo.

Najua mabadiliko yanatisha. Nimekaa na karatasi nikahesabu faida. Dakika tano za kopo ni sawa na tatu za zamani. Hesabu ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Somo la shule la dakika hamsini litaisha kwa thelathini: watoto watafurahi, na walimu watafurahi zaidi bila kusema. Siku ya kazi ya saa nane, ikianza saa mbili asubuhi, itaisha saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Nimepita kwenye biro mbalimbali za mji huu baada ya muda huo, nikitafuta muhuri, na naweza kushuhudia kwamba watumishi wengi wameshaanza kufuata dakika yangu kwa hiari yao. Mimi mwenyewe, mwenye miaka sabini na miwili, nitakuwa na mia moja na ishirini, umri wa Musa, na naahidi kwamba sitajivuna.

Hasara zipo, sizifichi. Mahubiri ya dakika arobaini yatakuwa ya sitini na sita na zaidi. Lori la Kabalo likichelewa siku tatu, litakuwa limechelewa tano. Na Mama Éliane na dada yake, ile miaka tisa inakuwa kumi na mitano.

Hilo la mwisho niliandika kwa kufuata hesabu tu. Nimelitazama kwa muda. Naliacha, kwa sababu hesabu ni sahihi.

6. Inabaki shida ya jua. Kwa dakika ya kopo, jua litachomoza kila siku kwa saa tofauti, na baada ya siku chache tutajikuta tunaimba Masifu ya Asubuhi gizani. Wengine watalitumia jambo hili kunipinga. Mimi nasema hivi: jua lipewe muda wa kujirekebisha. Watumishi walipewa miezi mitatu kuzoea fomu mpya. Jua nalo lipewe mitatu, hakuna anayelionea. Naomba Kamati iandike kwa wanaohusika na mzunguko wa dunia, kwa lugha ya upole, na kunitumia nakala. Kama hawajibu barua, kama ilivyo kawaida, tutachukua kimya chao kuwa ni ridhaa.

7. Mwisho, naomba kofi lifutwe rasmi. Si lazima unipigie magoti. Inatosha Jumapili, kabla ya matangazo, usimame mbele ya kopo na kusema maneno machache. Nimeambatanisha mfano wa maneno hayo kwenye karatasi ndogo.

Kwa haya yote, Papa Mwenyekiti, nahitimisha kama nilivyoanza: mashine haikukosea, nyekundu ni nyekundu, na waende Vijana. Inaniuma kama inavyowauma wengi, lakini mtu hawezi kufundisha ukweli miaka thelathini na minane kisha aukunje siku unapoingia nyumbani kwake.

Nisalimie Mama wa kwako na wajukuu, hasa yule aliyemeza sarafu, natumaini imeshafika. Nisalimie Didier, mwambie swali lake lilikuwa zuri. Wasalimie Kwaya ya Vijana na mpiga kinanda wao, na umwambie apunguze sauti. Salamu kwa mzee wa nyavu, kwa mama wa ndagala na wenzake waliocheka, kwa watu wa kibanda cha kinyozi, na kwa kila mtu aliyeishika mashine bila kunawa mikono.

Nabaki wako katika Kristo na katika fizikia,

Mwalimu Onésime
(mstaafu, si mchovu)

Nyongeza. Saa saba na nusu mchana.

Nilikuwa nimeshatia sahihi. Nikaenda jikoni kuomba kipande cha ugali wa moto, bukari yetu ya mchana, cha kugandishia bahasha, maana gundi yangu ilikauka tangu Pasaka. Mkononi nilikuwa na kopo, nililotaka kukuletea pamoja na barua.

Mama Éliane alikuwa ndiyo kwanza ametia unga kwenye maji. Akashika mwiko, na alipoanza kusonga akaanza kuimba. Ule wimbo. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Niliketi kwenye kigoda changu cha siku zote, na kwa mazoea kidole changu kikabonyeza kitufe.

Sasa lazima nieleze kile kipimo cha nyumbani. Wiki tatu zilizopita, nilipotaka kurekebisha kifungo, saa yangu ya mkono ilikuwa imezima kwa kukosa pile, kile kibetri chake, na simu ilikuwa kwa jirani mwenye pano ya jua ikichajiwa. Lakini juu ya meza palikuwa na daftari la kwaya, na pembeni ya wimbo huo, kwa mwandiko wa mke wangu ulionyooka, pameandikwa: dakika saba. Na mke wangu alikuwa jikoni akiuimba, kama anavyouimba kila mchana akisonga bukari. Ningetafuta saa ya nini tena? Nilikaa hapohapo, siku tatu, nikazungusha kifungo kidogo kidogo mpaka taa nyekundu ikawa inawaka sawasawa na neno lake la mwisho.

Leo pia. Beti sita, mwiko ukizunguka, mvuke ukipanda, na alipofika kwenye amina ya mwisho, tak, nyekundu. Haikupita hata pumzi moja. Papa Edmond, nilisimama nikapiga makofi! Nikamwambia: "Unaona, Mama? Unaona? Haikukosa hata kidogo!"

Hakuacha kusonga. Akasema, bila hata kunigeukia: "Na ile saa yako ya mukono, Papa? Si jana uliweka pile mupya? Iangalie basi."

Niliitazama. Nilipobonyeza kitufe niliona mshale umefika wapi. Nilipousoma tena ulikuwa umetembea dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Yeye akainua mwiko, akaukung'uta ukingoni mwa chungu, ndipo akanigeukia na kunieleza polepole, kama ninavyowaeleza watu mimi. "Bukari haingoje muntu, Papa. Ukisonga polepole inafanya mabonge. Hapa ninaimba na moto. Kule kanisani njo tunaimbaka na dakika saba."

Nilimuuliza tangu lini analijua jambo hilo. Alisema tangu Jumapili, taa ilipowaka kwenye ubeti wa nne. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Ulikuwa unafundisha," akasema.

Papa Mwenyekiti, nilipima betri, nikapima ziwa, nikavuta mguu wa nne, nikalibeba yai la mjusi kwenda na kurudi. Kitu kimoja sikukipima, nacho ni kile nilichopimia. Mashine haina ugonjwa, hapo sikukosea. Inafanya ilivyofundishwa. Aliyeifundisha ni mimi, na nilimfundisha mlinzi wa watu mwendo wa mwiko.

Baada ya kula (na chakula leo kimefika mezani cha moto, sahani mbili) nilimwomba aketi chini, asishike kitu mkononi, aimbe kama wanavyoimba mbele ya altare. Saa yangu na simu ya Didier, ambaye nilimwita kwa makusudi, zilikubaliana: dakika sita na sekunde hamsini. Zimebaki sekunde kumi za kuinamisha kichwa.

Utajiuliza kwa nini sikuichana barua hii na kuandika nyingine. Miaka yote niliwakataza wanafunzi kukwangua kosa kwa wembe. Niliwaambia: piga mstari mmoja juu yake, kosa liendelee kusomeka, kisha andika lililo sahihi chini yake. Basi namba 4, 5 na 6, pamoja na lile neno waende Vijana, nimevipiga mstari. Dakika zibaki za zamani, na jua liachwe lilivyo. Namba 1, 2 na 3 zinasimama. Kofi ni kofi, chumvi ilikuwa chumvi, na mafundi walikuwa wengi. Namba 7 nakusamehe, ila ile karatasi ndogo itunze, nitaisoma mimi mwenyewe Jumapili, nikiwa nimesimama mbele ya Kwaya ya Mama. Itabidi nibadilishe jina tu.

Vijana wasikasirike, safari ya milimani ya mwaka jana walikwenda wao, na walirudi na mafua.

Nikiandika mstari huu naona kwa dirisha kwamba kamba ya uani iko tupu, na ndani ya chumba nasikia sanduku likifunguliwa. Didier amesimama mlangoni anaingoja bahasha, bukari imeshakauka kwenye ukingo wake, na saa kumi haiko mbali kwa dakika ya namna yoyote.

Chukua kalamu sasa hivi, Papa Edmond, na uandike kwenye orodha ya leo: Kwaya ya Mama, watu kumi na wanane, Kirungu.